Mupimaji wa udongo: mukono wake, sheria yake, na kazi yetu



Siku hizi vikundi vingi vinatafuta karatasi za udongo. Kimoja kinataka kujenga depo, kingine kinataka pahali pa kuoshea kahawa, kingine kinataka kupanda miti lakini kinaogopa kesho mutu aje kusema: "Huu udongo ni wangu." Kutafuta karatasi ni jambo zuri. Lakini mbele ya karatasi yoyote kuna mutu mumoja anayekuja na dekametre, mashini ya GPS na daftari. Tunamuita jeometre. Akisha kwenda, yale aliyoandika yanabaki miaka na miaka. Mutu wa biro hataona shamba, ataona karatasi. Juji naye, siku ya kesi, ataanza na karatasi.

Katika somo hili tutaona kazi ya jeometre inaombwa kufanywa namna gani, sheria inasema nini, na sisi wenye mashamba tunapashwa kufanya nini siku ile anapofika.

1. Mufano wa kuanzia

Mufano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini wengi watasema: "Hata kwetu iko vile."

Koperative moja ya vilima vya Walungu inanunua shamba la kuweka pepinière ya kahawa na depo. Muuzaji ni kijana, mutoto wa kwanza wa familia. Jeometre anakuja asubuhi, siku ya soko. Anatembea na muuzaji na prezida wa koperative. Muuzaji anaonyesha mipaka kwa kidole: "Hapa, kisha kule kwenye muti, kisha chini mpaka kwa mutaro." Jeometre anapima vizuri, anaweka borne ine, anaandika PV: hekta 1 na are 20, hakuna aliyepinga. Wote wanatia mukono. Saa sita amekwisha kwenda.

Sasa, upande wa chini kuna kipande cha metre 60 kwa metre 30. Kipande kile si cha muuzaji. Ni cha mama mujane, jirani. Bwana yake alitoa kalinzi kwa shefu zamani, akapewa shamba lote la chini. Bwana alipokufa, mama akakosa nguvu ya kulima pote, akawapa jirani kipande kile kwa bwasa, walime maharagi musimu kwa musimu. Kijana muuzaji tangu utoto aliona mama yake akilima pale. Hakusema uongo, alisema kile alichojua.

Siku ile mama mujane alikuwa soko. Kisha miezi miwili anakuta jiwe la sementi katikati ya shamba lake.

Anakwenda kwa prezida. Prezida anasema: "Sisi tulilipa." Anakwenda kwa kijana. Kijana anasema: "Tumelima pale sikuzote." Jeometre anasema: "Mimi nilipima kile walichonionyesha."

Ndugu, je, jeometre alikosa? Hesabu yake ilikuwa ya kweli. Metre zilikuwa za kweli. Lakini maneno "hakuna aliyepinga" hayakuwa ya kweli, kwa sababu yule aliyeweza kupinga hakuitwa. Hapo ndipo somo letu linaanza. Kupima udongo bila kuuliza watu wanaoishi juu yake ni nusu ya kazi. Na nusu ile inaweza kumunyanganya mutu shamba bila hata mutu mumoja kuiba.

2. Nani ana haki ya kupima?

Tutofautishe watu wawili.

Wa kwanza ni jeometre wa kadastri. Yeye ni ajenti wa Serkali. PV yake ya kupima na kuweka borne inaingia katika dosie, dosie inafika kwa konservatere wa titre za udongo, na pale ndipo sertifika ya anrejistrema inaweza kutoka.

Wa pili ni kila mutu mwingine mwenye kupima: agronome, ajenti wa projeti, kijana wa kijiji mwenye telefone yenye GPS. Hapa tuseme wazi juu yetu wenyewe. Sisi wa mashirika ya musaada tunapima mashamba kila mwaka, ili tujue mbegu ngapi zitahitajika ao mavuno yalikuwa kiasi gani. Krokii ile tunayowaachia ina faida, lakini si titre. Haikupi haki juu ya udongo, na haimuondolei jirani haki yake. Kama ajenti yeyote, hata wetu, anawaambia kwamba krokii yake inatosha "kwa kulinda shamba", musimuamini.

Kwa hiyo ulizo la kwanza mbele ya yeyote anayekuja kupima ni hili: "Umetumwa na biro gani, na karatasi ya kukutuma iko wapi?" Jeometre mwaminifu hakasiriki na ulizo hilo. Anafungua mufuko na kuonyesha.

3. Sheria inasema nini?

Hatutaweka hapa sheria yote. Tuchukue mambo yanayotugusa.

Sheria kubwa ya udongo ni sheria namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Artikle 53 inasema udongo ni mali ya Serkali peke yake. Mutu ao koperative wanapata haki ya kuutumia, ile inayoitwa konsesio. Artikle 219 inasema haki hiyo inathibitishwa kisheria na sertifika ya anrejistrema.

Je, sisi tunaolima kwa desturi, bila sertifika, hatuna kitu? Hapana. Artikle 388 inatambua udongo ambao wenyeji wanakaa, wanalima ao wanatumia kwa namna yoyote, kufuatana na desturi zao. Artikle inayofuata iliahidi kwamba amri ya Prezida wa Jamhuri itapanga haki hizo. Amri ile ilingojewa kwa miaka mingi sana, na kungojea kule kumeleta kesi nyingi. Lakini Katiba ya mwaka 2006, katika artikle 34, inalinda mali ya mutu mumoja na ya watu wengi pamoja, iliyopatikana kwa njia ya sheria ao ya desturi. Basi kalinzi ya yule mama mujane si maneno ya bure.

Kwa udongo wa vijijini, sheria ya 1973 inaomba uchunguzi mbele ya kutoa konsesio. Artikle 193 na zinazofuata zinaeleza kusudi lake: kujua watu wengine wana haki gani juu ya udongo unaoombwa. Wanapashwa kuhakikisha mipaka, kuhesabu watu walioko pale ao wanaofanya kazi pale, kuandika vitu vilivyoko, kama vile miti, maji na njia, na kusikiliza wale wenye malalamiko kwa kinywa ao kwa barua. Musome tena: kusikiliza. Si neema ya jeometre ao ya shefu, ni sheria.

Na kama sheria haikufuatwa? Artikle 204 inasema mapatano yaliyofanywa kinyume cha sheria hii ni bure, na sertifika iliyotoka katika mapatano hayo ni bure vilevile. Ndiyo sababu njia ya mukato inaweza kuangusha hata yule aliyelipa feza kwa moyo safi.

Sheria zinarekebishwa. Mbele ya kwenda tribinali, mumuulize avoka juu ya maandishi yanayotumika sasa.

4. Mambo tano ya uaminifu wa mupimaji

Jambo la kwanza: aandike kile alichoona na kuhakikisha, si kile alichoambiwa tu. Kama muuzaji anaonyesha mupaka kwa kidole, jeometre anapashwa kuuliza: "Nani yuko upande wa pili? Tumuite." Huku Bushi kuna ulizo lingine asilolisahau hata siku moja: "Kipande hiki ni cha kalinzi ao cha bwasa?" Mwenye kalinzi anakaa na shamba na kuliacha kwa watoto. Mwenye bwasa analima musimu tu, na kwa kawaida haruhusiwi kupanda ndizi ao kahawa. Jicho la jeometre haliwezi kuona tofauti hiyo, sababu maharagi ni maharagi. Kinywa cha jirani ndicho kinaijua.

Jambo la pili: majirani wote waitwe, kwa siku inayojulikana. Si siku ya soko, si siku ya matanga, si saa ya misa. Na "wote" maana yake ni wote: wajane, wamama ambao bwana zao wako kwenye machimbo ao mujini, familia zilizokimbia vita na ambazo shamba lao linalimwa na mwingine. Yule asiyekuwepo ndiye anayeomba jeometre awe mwangalifu zaidi.

Jambo la tatu: asilipwe kwa kipande cha shamba. Hili tunalisikia mara nyingi. Wenyeji wanakosa feza, wanasema: "Tutakukatia ka kipande kwa juu." Siku hiyo jeometre amekuwa mumoja wa wenye faida. Kadiri shamba linavyokuwa kubwa kwenye karatasi, kadiri naye anapata. Hawezi tena kuwa mupimaji wa watu wote. Kode ya mwenendo ya ajenti wa Serkali, iliyowekwa na Dekree-sheria namba 017/2002 ya tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2002, inaomba ajenti awe mwaminifu, asipendelee upande, na asichanganye faida yake na kazi yake. Na sheria namba 05/006 ya mwaka 2005 juu ya rushwa haimupigi tu yule anayepokea. Yule anayetoa naye ana kosa. Basi koperative isiseme: "Sisi tulimupa tu kitu cha kushukuru." Feza za Serkali zinalipwa kwa njia ya Serkali, na zinarudisha risiti. Kama mumelipa usafiri na chakula cha jeometre, muandike kiasi katika kitabu cha koperative, wazi, kila memba aone.

Jambo la ine: asipime shamba la ndugu yake, la mukwe wake, ao la mutu anayemudai feza. Hata akipima vizuri, watu hawataamini. Aombe mwenzake aje.

Jambo la tano: asitie mukono kwenye karatasi tupu, na asitutie sisi mukono kwenye karatasi tupu. "Mutie hapa, nitajaza nikifika mujini" ni maneno ya kukataa kwa upole lakini bila kurudi nyuma. PV ijazwe pale shambani, isomwe kwa sauti katika luga ambayo watu wanasikia, kisha mikono itiwe. Na kama mutu anapinga, jina lake na maneno yake yaandikwe ndani. Kuandika ndani ya PV jambo ambalo unajua si kweli ni kosa la kughushi mbele ya sheria, hata kama namba za metre ni sawa.

5. Hesabu ambazo tunaweza kuangalia sisi wenyewe

Watu wengine wanaogopa jeometre kwa sababu ya mashini. Musiogope. Kuna mambo matatu ambayo kila koperative inaweza kuyaangalia.

Mulima. Udongo unapimwa kwa bapa, si kwa kufuata mulima. Kama mukilaza kamba juu ya mutelemuko mukapata metre 50, na pale juu kunapita pale chini kwa metre 15, karatasi itaandika karibu metre 47 na nusu. Jeometre hakuwaibia. Ili mupate metre sawa na zake, mushike kamba ikiwa bapa kama maji, mushuke ngazi kwa ngazi, vipande vifupi vifupi. Koperative nyingi zimegombana na jeometre mwaminifu kwa sababu hazikujua jambo hili.

GPS ya mukono. Mashini ndogo, na hata telefone, inaweza kukosa metre 3 ao 5, na zaidi chini ya miti ao karibu na mulima mukali. Kwa shamba kubwa si kitu. Kwa shamba jembamba ni jambo kubwa. Shamba la metre 20 kwa metre 100 lina are 20. Kama kila mupaka wa urefu umeingia ndani metre 3, upana unabaki metre 14, na karatasi inasema are 14. Kama imetoka inje metre 3 kila upande, karatasi inasema are 26, na hizo 6 ni za majirani. Kwa mashamba membamba muombe mipaka ipimwe kwa dekametre ao kwa mashini ya kweli ya jeometre.

Pembe tatu. Shamba la pembe ine zisizo sawa, mulikate katika pembe tatu mbili kwa kamba moja toka pembe mpaka pembe. Tuseme kamba hiyo ina metre 110. Toka kamba mpaka pembe ya juu, kwa mustari unaosimama sawa, mupime: metre 48. Mpaka pembe ya chini: metre 52. Sasa 110 mara 48, mugawe kwa 2, ni 2 640. Na 110 mara 52, mugawe kwa 2, ni 2 860. Jumla metre kare 5 500, maana yake are 55. Kama PV inasema are 54 ao 56, ni sawa. Kama inasema are 80, muulize mbele ya kutia mukono.

6. Siku ya kupimwa: kazi ya koperative

Mbele ya siku ile:
– Mutembee mipaka yote na muuzaji na majirani, siku moja nzima, bila jeometre. Kama kuna mabishano, yatoke siku hiyo.
– Mupeleke barua ya siku na saa kwa kila jirani, kwa shefu wa lokalite, na mutangaze kanisani na sokoni.
– Muchague memba wawili, mwanaume na mwanamuke, wa kuandika kila jambo.

Siku yenyewe:
– Majirani wasimame kila mumoja kwenye mupaka wake wakati borne inawekwa.
– Mupige foto ya kila borne pamoja na watu waliopo.
– PV isomwe kwa sauti mbele ya wote.

Nyuma:
– Muombe kopi ya PV na ya krokii. Kopi moja ikae kwa koperative, ingine kwa memba mwingine, sababu nyumba inaweza kuungua.
– Musiseme "tumemaliza" kwa sababu borne iko. Borne si sertifika. Mufuate dosie mpaka mwisho.

7. Kama kosa limekwisha kufanyika

Kwanza, musingoe borne. Hata ikiwa ndani ya shamba lenu. Kungoa ao kuhamisha borne ni kosa linaloazibiwa na kode ya makosa, na siku hiyo aliyeonewa anageuka mukosaji.

Pili, muandike barua ya kupinga, haraka, kwa kadastri na kwa konservatere, na mubaki na kopi iliyopigwa kashe ya kupokea. Haraka, kwa sababu dosie inatembea. Na kama sertifika imekwisha kutoka, mujue kwamba sheria inaweka muda wa miaka 2, kisha sertifika inakuwa ngumu sana kuangusha, na mara nyingi mutu anabaki tu na njia ya kudai malipo. Mutu anayenyamaza miaka 2 "ili asivunje ujirani" anaweza kupoteza shamba na ujirani pamoja.

Tatu, mutafute mapatano. Sheria ya kilimo namba 11/022 ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 2011, artikle 26, inaomba mabishano juu ya udongo wa kilimo wa wenyeji yapite kwanza katika njia ya kupatanisha, mbele ya tribinali kuyapokea. Mapatano nayo yaandikwe.

Turudi kwa mama yetu mujane. Kama koperative ile inataka haki, njia iko. Wanamuita jeometre, kijana, mama, na wazee walioona kalinzi. Wanapima tena kipande cha chini: metre 60 kwa metre 30, ni are 18. PV inaandikwa upya: hekta 1 na are 2. Kijana anarudisha feza za are 18, ao anakubali kuzilipa kidogo kidogo. Koperative inapoteza kipande cha pepinière, lakini inapata kitu ambacho depo haiwezi kusimama bila hicho: jirani wa chini ambaye hatalala akiwaza namna ya kuwatoa. Na yote hayo yangegarimu nini siku ya kwanza? Kungojea siku moja tu, soko lipite.

Maulizo ya kuzungumuza katika kikundi

1. Katika mufano wetu, ni nani alikosa: kijana, prezida, jeometre ao shefu? Kila mumoja alipashwa kufanya nini?
2. Katika shamba la koperative yenu, je, kuna kipande cha bwasa ambacho watoto wameanza kufikiri ni cha familia? Nani bado anakumbuka?
3. Jeometre anasema: "Mukinikatia are 5, nitamaliza leo." Mutamujibu namna gani, na mutaandika nini katika kitabu?
4. Muchukue kamba, mwende kwenye shamba moja la memba, mulipime kwa pembe tatu. Mulinganishe na hesabu ambayo ajenti wetu aliwaachia. Kama kuna tofauti kubwa, mutuambie. Hata sisi tunapashwa kurekebishwa.